Meli Isiyotaja Mwaka

Eureka, California
14 Oktoba 1978

Mdogo wangu Verna,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na paa la nyumba ya Baba bado liko juu yako. Mimi sijambo, ukiacha yale nitakayokueleza hapo chini. Huku ukungu uliingia Jumanne na mpaka leo haujaaga. Kaa wameanza kuonekana sokoni. Silveira, yule Mreno tuliyepanga naye herufi gazetini miaka thelathini, aliniletea wawili jana, kisha akaketi akamla mmoja peke yake na kunisaidia huyo wa pili. Bado anashughulika na ile mashine ya chapa ya mkono aliyoiokota gazeti lilipohamia mitambo mipya. Imejaa gereji nzima, na mkewe anaegesha gari mvuani.

Sasa neno lenyewe. Macho yangu yanakwenda. La kulia limekwisha kwenda, limeniachia ukingo tu. Daktari anasema la kushoto litafuata, pengine kabla ya kiangazi kijacho. Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu kimoja nataka kukiona kabla sijafungiwa mlango, nacho unacho wewe.

Unaikumbuka albamu ya Bibi Lovisa? Karibu na mwisho kuna kadi ya meli iitwayo Njiwa wa Kaskazini. Unajua kwamba tangu mke wangu Connie alipofariki nimekuwa nikikusanya kadi hizi, ambazo mawakala wa meli wa Boston na New York waliwagawia wafanyabiashara enzi watu walipokimbilia dhahabu California, ili wapakie bidhaa zao kwenye meli fulani ya matanga iendayo mbio San Francisco. Nimefikisha thelathini na moja. Kila meli ni nzuri, kila meli ni ya haraka, kila moja imebakiza nafasi chache. Na hakuna hata moja inayotaja mwaka. Wakala alikuwa na haja gani ya mwaka? Kadi ilikuwa ya wiki mbili, kisha itupwe. Sisi wakusanyaji ndio tunaohangaika na jina la nahodha na namba ya gati ili tukisie. Mimi siku hizi nimeacha kukisia. Nazitandaza mezani jua likielekea kuzama, nazo zote bado zinapakia.

Hiyo ya Bibi sijaiona kwingine kokote, si kwa wachuuzi wala kwa wakusanyaji tunaoandikiana. Ndiyo ya kwanza niliyoiona maishani, na ningependa iwe ya mwisho. Nitumie, Verna, nitairudisha. Imegandishwa kwa gundi, kwa hiyo nakuomba usiibandue kwa kisu.

Nitakuja theluji ikiyeyuka, niichungulie hiyo albamu yote. Lakini kadi usiicheleweshe kwa ajili ya hilo.

Kaka yako,
Alden


Searsport, Maine
2 Novemba 1978

Kaka Alden,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi. Umesema nisikuhurumie, basi sikuhurumii. Nimelia kidogo tu wakati wa kuosha vyombo, na hayo ni mambo yangu mimi na sinki.

Sisi hatujambo. Nikisema sisi, ni mimi na paka, Shemasi, ambaye amenenepa kwa samaki wa jirani. Paa linavuja juu ya stoo, nimemwita fundi, amesema atakuja, na tangu aseme atakuja ni wiki ya tatu. Jumamosi tulikula maharage kanisani kama kawaida, na Bi Thurza Gilkey aliketi mbele yangu.

"Yule kaka yako wa California mzima?"

"Mzima."

"Anakuja lini?"

"Theluji ikiyeyuka."

Akacheka mpaka akatoa leso. "Theluji ya mwaka gani, Verna?"

Na kweli, kaka, wewe na kadi zako hamna tofauti. Unapakia sasa, umebakiza nafasi chache, unaondoka hivi karibuni. Miaka arobaini na minne hiyo. Mwaka hutaji.

Albamu nimeitoa kwenye sanduku chumbani kwa Baba. Njiwa bado yupo. Bahari ni ya buluu ile ambayo ghuba yetu haijawahi kuwa nayo hata siku moja. Jua la dhahabu limezama nusu. Meli imepandisha matanga yote, na njiwa mweupe ametangulia mbele ya omo, pua yake. Vyote vinaelekea kushoto. Unakumbuka tulivyokuwa tunalala chini ya meza ya Mama, mimi nina miaka sita na wewe tisa, albamu sakafuni? Anayefunua ukurasa ndiye nahodha, na nahodha ulikuwa wewe kila siku. Ukaniambia kushoto kwenye karatasi ni magharibi, kwa hiyo meli hii inakwenda tu, haiwezi kurudi. Nikaigeuza albamu juu chini ili irudi. Ukaniambia nimewazamisha wote. Nililia, na Mama akatupa kipande cha mkate mweusi tukanyamaza. Jana nimepiga magoti pale pale, nikatazama kwa muda mrefu, na kwa kitambo nikasikia kabisa Mama akitembea jikoni.

Kadi utaipata karibuni. Kisu sitakigusa. Nami najua mambo mawili matatu: nakusanya kadi za matangazo ya sabuni na ya nyuzi za kushonea, na nimebandua zaidi ya mia bila kuchana hata moja. Nina njia yangu. Itakufikia safi mbele na nyuma.

Vaa soksi.
Verna


Eureka
9 Novemba 1978

Verna,

Salamu nyingi, na habari nyingine nitaandika baadaye, hii naikimbiza posta kabla hawajafunga. Njia gani hiyo? Kama ni maji, nakusihi usiyatumie.

Kosa ni langu. Nilikukataza kisu nikasahau maji. Nimekaa na wakusanyaji mpaka nimedhani hilo ni jambo mtu anazaliwa analijua. Kadi zako za sabuni ukiziloweka hazijali. Lakini hizi zilipakwa chokaa na gundi kabla ya kuchapwa, ndiyo maana zinang'aa. Zikilowa, mng'ao ndio unaoyeyuka, na picha yote imekaa juu ya mng'ao. Iache kwenye ukurasa wake. Nitumie albamu nzima, au nieleze tu.

Jana mchana nilisinzia kitini nikaota tuko chini ya meza, na mvua inanyesha humo humo chini ya meza, juu yetu tu. Hukuwa na wasiwasi. Ulikuwa unafunua kurasa.

Alden


Searsport
17 Desemba 1978

Kaka mpenzi,

Heri ya Krismasi iliyo njiani. Huku theluji imefika hadi dirisha la stoo. Fundi wa paa hatimaye alikuja, akapanda, akateleza, akazama kwenye theluji mpaka kifuani, akatoka huko akiuliza kama nina kahawa. Paa sasa halivuji. Shemasi alipotea siku mbili, tukamkuta kwa mchungaji amelala juu ya majoho ya kwaya. Nimetengeneza pai za nyama ya kulungu kumi na mbili kwa ajili ya mnada wa kanisa, na Bi Thurza kaleta kumi na tatu, makusudi. Bandari ina barafu pembeni. Binti wa akina Nickels ameolewa na kijana wa Bangor mwenye masikio makubwa lakini mpole.

Kuhusu kadi usiwe na wasiwasi. Iko humu nyumbani na iko pakavu. Posta ya Krismasi si ya kuaminika, vifurushi vinarushwarushwa, tungoje kidogo.

Jicho linaendeleaje? Unakula? Nimekufumia soksi jozi mbili, zimo humu.

Dada yako akupendaye,
Verna


Eureka
8 Januari 1979

Mdogo wangu Verna,

Heri ya mwaka mpya. Ukiona herufi zangu zimekuwa kubwa, si majivuno. Soksi zimefika, nimevaa jozi moja na nyingine nimemkatalia Silveira. Yeye hajambo, na mashine imeanza kugeuka, ingawa mpaka sasa inachapa madoa tu. Silveira ndiye anayenisomea barua siku hizi, kwa hiyo habari za masikio ya kijana wa Bangor zimefika mbali.

Kwenye jicho la kushoto, katikati pameingia ukungu, na ninachokitazama ndicho kinachopotea. Nikitaka kumwona mtu, lazima nitazame pembeni yake.

Umeniita kaka mpenzi. Katika miaka arobaini na minne hujawahi kuniita hivyo, na nimeingiwa na hofu. Wala hukusema kama barua yangu ya Novemba ilifika. Ngojangoja huumiza matumbo. Nimefikiri sana. Kama hutaki kuituma kadi kwa sababu ya mwaka 1947, sema tu. Una haki. Sikuja kumzika Baba. Nilikuandikia kwamba gazeti halikunipa ruhusa, na hapo tuliachie.

Naota sana sasa, labda kwa sababu macho hayana kazi nyingine. Nilikuwa gatini, asubuhi, panatoa harufu ya lami na ngozi mpya. Watu wanapandisha makasha melini, polepole, hakuna anayemsukuma mwenzake. Njiwa ametua juu ya meza ya karani. Nikamwuliza karani, meli inaondoka lini?

"Hivi karibuni, bwana."

"Lini hasa?"

"Ikijaa."

Nikatazama ndani. Palikuwa na nafasi kubwa mno, na mimi nilikuwa nimeshika sanduku moja dogo. Niliamka na furaha, sijui kwa nini, na furaha ikakaa nami mpaka nilipomaliza chai.

Kama kuituma ni vigumu, basi nieleze tena huyo njiwa alivyo. Andika taratibu, Silveira anasoma haraka.

Alden


Searsport
20 Februari 1979

Kaka Alden,

Nimerudi kukuita kama zamani. Mimi sijambo, paka hajambo, paa halivuji. Hizo ndizo habari zote, na leo sitajificha nyuma yake.

Niliitia majini.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 11 Novemba, baada ya chai. Sufuria ya pai, maji ya vuguvugu, kama nilivyofanya mara mia. Kadi ikaachia ukurasa vizuri kabisa, nikajisifu kwa sauti, Shemasi ni shahidi. Nikailaza kifudifudi juu ya karatasi ya kufyonza wino, nikaweka Biblia juu yake, na juu ya Biblia vitabu viwili vya Baba vya maji kupwa na maji kujaa, ili ikauke imenyooka. Barua yako ya kunionya ililetwa Jumanne. Niliisoma nikiwa barazani na koti sijavua. Nikaingia, nikaondoa vitabu, nikavuta kadi, nayo ilikuwa imeshika. Nikavuta. Ikatoka nyeupe kama sahani. Bahari, jua, njiwa na jina, vyote vimebaki kwenye karatasi ya kufyonza, rangi zimefifia, na vyote kinyume. Hata jina sikuweza kulisoma.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Uliniomba kitu kimoja tu, ukanieleza na sababu, nami nikakiua kwa ufundi wangu. Nilitaka uipate safi. Kisha nikaona haya kukuambia, nikakuandikia pai na masikio. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi yalinikondesha tangu Novemba. Uliposema nakunyima kwa sababu ya Baba ndipo niliposhindwa kabisa. Afadhali unione mjinga kuliko unione mwenye roho mbaya.

Na kwa kuwa 1947 umeitaja wewe, nisikilize. Nilikasirika, ndiyo, na hasira nyingine ninayo mpaka leo, naiweka kwenye kabati na vyombo vya wageni. Majira ya baridi yale ya mwisho, Baba akisikia hatua barazani anauliza, "Ni Alden huyo?" Namwambia, "Yuko njiani, Baba." Hatua zilikuwa za mtu wa posta. Siku moja Baba akamwita aingie chumbani, akamshika mkono akasema, "Umechelewa, kijana wangu, lakini keti." Na yule mtu, na begi lake begani, akaketi robo saa. Hakusema kwamba siye. Sikukuandikia hilo miaka yote hii kwa sababu nilijua litakukata. Sasa nimekuandikia, na moyo wangu ni mwepesi kidogo na ni mbaya kidogo.

Natia humu bahashani vyote viwili, kadi nyeupe na karatasi ya kufyonza. Nilikaribia mara tatu kuzitupa jikoni motoni, mkono ukakataa. Nisamehe, Alden.

Verna


Eureka
12 Machi 1979

Mdogo wangu Verna,

Salamu baadaye. Bahasha yako ilifika Alhamisi. Silveira alisoma barua, na alipofika kwa mtu wa posta alisimama, akafuta miwani, akasema miwani yake ni mibovu. Nilifikiri juu ya mtu yule aliyekaa robo saa kwenye kiti changu.

Kisha nikaichukua ile karatasi nikaenda nayo dirishani. Ukungu ulikuwa umeondoka siku hiyo. Nikashika lenzi yangu kubwa, nikaisogeza pembeni, maana nikiitazama moja kwa moja inapotea. Verna, nimeisoma. Yote. Jina la meli, jina la nahodha, namba ya gati, mpaka maandishi madogo ya chini yanayosema hakuna meli iliyopita Rasi ya Horn kwa wepesi zaidi, uongo ambao wote walikuwa nao. Sikuhitaji kioo. Umesahau nimefanya kazi gani maisha yangu yote? Miaka thelathini na minane nimepanga herufi za madini ya risasi, na herufi za risasi zote hukaa kinyume. Nilisoma harusi na vifo vya mji huu kinyume kabla mtu yeyote hajavisoma sawa. Silveira akasimama nyuma yangu, naye akaisoma kwa sauti bila kukwama hata mahali pamoja, kisha akasema, "Sasa shida ya dada yako iko wapi?"

Rangi zimepauka, ni kweli. Bahari imekuwa ya alfajiri. Lakini tazama ulichokifanya wewe na Biblia na vitabu vya Baba. Meli sasa inaelekea kulia. Ulipokuwa na miaka sita ulijaribu kuirudisha nikakucheka, nikakwambia haiwezekani, na miaka sitini na moja baadaye umeirudisha. Njiwa ametangulia, meli inamfuata, wote wanarudi mashariki. Nilikaa nao mpaka jua likahama dirishani. Nimefurahi kuliko ningefurahi kuipata nzima. Sikubembelezi, unajua siwezi.

Basi nami nina langu. Gazeti lilinipa ruhusa. Mwaka ule mhariri alinipa wiki tatu na akanitilia chupa mfukoni. Nilikwenda stesheni na sanduku. Nikaketi kwenye benchi, treni ikaja, watu wakapanda, treni ikaondoka, nami bado nimeketi. Niliona haya. Nilikuwa nimeahidi theluji kumi na tatu, na sasa nifike kwa maziko? Nikarudi nyumbani, Connie akaniuliza nimesahau nini. Mwaka uliofuata aibu ilikuwa nzito zaidi, na kila mwaka niliiongezea ahadi nyingine juu. Hiyo ndiyo habari yote. Ni ndogo, na ndiyo iliyoninyima nyumbani.

Nataka kuja. Jicho hili halina siku nyingi, na kadi nimekwisha kuiona. Kilichobaki ni uso wako, hata ukingo wake. Nitakuja theluji ikiyeyuka.

Kaka yako,
Alden


Searsport
26 Machi 1979

Kaka Alden,

Sisi wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea Shemasi, akaondoka. Nimelia tena, na safari hii hakukuwa na vyombo vya kuosha.

Habari ya benchi sikukasirikii. Ningejua umeketi pale, ningekupigia simu ya upepo uinuke. Baba naye asingekuuliza kitu. Angekwambia umechelewa, keti.

Lakini lile neno la mwisho la barua yako nimelikata kwa kalamu. Theluji imeyeyuka, kaka. Inadondoka paani hivi ninavyoandika, na barabara yote ni tope, na wewe bado hujafika. Nimesoma tangazo hilo la meli yako nikiwa msichana, nimelisoma nywele zikiwa za kijivu, nimechoka kulisoma. Taja siku. Na ukitaja siku, taja na mwaka. Bi Thurza bado anangoja jibu.

Chumba cha Baba nimekipaka rangi. Buluu.

Verna


Searsport
4 Mei 1979

Kaka Alden,

Wiki tano kimya. Sijapata barua, wala ya Silveira. Mtofaa wa nyuma umeanza kutoa macho, na jirani ameanza kutuletea samaki wadogo wa mtoni, paka hanitambui tena.

Kama ni jicho, niambie. Kama limefungwa, njoo hivyo hivyo. Uso wangu si wa kutazamwa sana siku hizi, na sauti ni ile ile. Kila hatua ikisikika barazani nasimamisha sindano, na nimeanza kumwelewa Baba zaidi ya ninavyopenda.

Verna


[Kadi iliyochapwa kwa wino wa buluu na mweusi, imetiwa kwenye bahasha. Muhuri wa posta: Eureka, 21 Mei 1979. Juu kuna njiwa, anaelekea kulia.]

INAPAKIA SASA
katika gati la gereji ya Silveira
meli kongwe, imara, ya daraja la kwanza

ALDEN TREWORGY

Nahodha: mwenyewe
Msaidizi wa nahodha: M. Silveira, mpaka mlangoni
Shehena: mzee mmoja, sanduku moja dogo, meli thelathini na mbili
Nafasi: imejaa

Itaondoka Eureka kwenda Searsport
bila kungoja theluji yoyote
JUMATATU, 11 JUNI 1979

[Nyuma ya kadi, kwa mwandiko mwingine:]

Bibi Verna,

Shikamoo. Hatujaonana, lakini kwa jinsi ninavyosoma barua zako ni kama jirani yangu. Jicho la kushoto lilifungwa wiki ya Pasaka. Alinikataza kukuandikia, akasema atakujibu kwa njia yake. Njiwa nimemchonga mimi kwenye ubao, nikamchonga akitazama kushoto ili karatasini atazame kulia. Herufi amezipanga yeye, zote, kwa vidole, na hakukosea hata moja. Ilituchukua siku nne. Siku ya kwanza nilimwuliza tuanze na jina la meli au na jina la nahodha. Akasema tuanze na mwaka.